Leza ya makovu ya chunusi kwa ngozi nyeusi: mliofanya, na mlioko Dodoma, naombeni uzoefu

BintiIpagala (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Niko hapa Dom, Ipagala. Chunusi zilinianza kidato cha pili, zikanifuata mpaka chuo. Namshukuru Mungu sasa zimetulia, inatoka mojamoja nikikaribia siku zangu. Shida ni zilichoniachia. Mashavu yote mawili yana vishimo na weusi, kipaji afadhali. Kwenye picha za simu zenye kulainisha uso napendeza, ila ofisini meza yangu iko dirishani, na nikijitazama kwenye kioo mchana naona kila kitu.

Kuna sehemu hapa mjini wanatangaza leza ya makovu. Picha zao za kabla na baada ni za Wazungu na Wakorea watupu. Nikawauliza kama wana picha hata moja ya mtu mweusi, wakanijibu: "Dada, leza ni leza, haichagui." Hilo jibu ndilo limenileta huku.

Naomba kujua: kwa rangi zetu hizi leza inafanya kazi? Kuna aliyefanya akapona, au akaharibika? Na je, ni lazima niende Dar? Wale wa "njoo pembeni nikupe dawa" naomba mpite kimya kimya.

Mzabibu_Mkavu

Naweka kigoda hapa. Mada imenigusa uso mzima.

MtotoWaKizota

Dada usipoteze hela. Kamulia limau kwenye asali, tia manjano kidogo, paka usiku na mchana. Mwezi tu unasahau.

Mama_Kisasa

@MtotoWaKizota limau mchana, kwa jua hili la Dodoma? Unataka mwenzio aungue? Maji ya limau na ndimu yakibaki kwenye ngozi halafu jua likapiga, yanaunguza na kuacha mabaka meusi kuliko aliyokuwa nayo. Shemeji yangu alipata shingoni. Limau tuachie mchuzi.

MtotoWaKizota

Haya mama, nimekaa pembeni.

Tabibu_Chamwino

Binti, marahaba. Kazi yangu ni ngozi, nilisomea Moshi pale KCMC, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi, kile kilichoanza 1992. Sijakuona uso kwa hiyo sikuandikii dawa, ila kuna jambo lazima litenganishwe kabla hujatoa shilingi.

Umesema vishimo na weusi. Hivyo ni vitu viwili na tiba zake mara nyingi hazipatani. Weusi ni rangi tu. Chunusi ilivimba, ngozi ikamwaga melanini, yaani rangi yake ya asili, pale, doa likabaki. Hilo bado si kovu. Ukijikinga na jua na ukapata krimu sahihi linafifia, ingawa kwetu huchukua miezi, na yale yaliyozama ndani yanaweza kupita mwaka. Kishimo ndicho kovu lenyewe: uvimbe ulikula kolajeni, zile nyuzi zinazoibeba ngozi, chini, juu pakabonyea. Hapo hakuna krimu ya kupaka itakayokijaza, hata iuzwe bei ya kiwanja.

Jipime nyumbani. Asubuhi kaa ubavu kwa dirisha, taa ya darini izimwe, shika kioo. Mwanga wa pembeni unatoa kila bonde. Kisha vuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili. Kilichopotea ulipovuta ni bonde la juujuu. Kilichobaki kimebonyea kimeshuka ndani zaidi. Kilichobaki bapa lakini cheusi ni doa.

Wengi wanaonijia wakiitaka leza, tukimaliza kuvuta hiyo ngozi tunakuta kinachowasumbua zaidi ni rangi. Na leza ya kuchoma, ukiipeleka kwenye ngozi nyeusi kwa ajili ya doa, inaweza kuongeza doa.

Vishimo navyo vina aina zake. Viko vyembamba vinavyoshuka wima, unaweza kudhani mtu alichoma na pini. Viko vipana vyenye kingo kali na chini tambarare. Na yako mabonde mapana yasiyo na kingo, yanayolifanya shavu liende mawimbi. Mabonde hayo yanatokana na nyuzi za kovu zinazovuta ngozi kwenda chini, kwa hiyo ukichoma juu bila kukata nyuzi chini, umefanya nusu ya kazi.

Fundi_Nkuhungu

Daktari samahani, mimi ni fundi umeme. Leza si mwanga tu? Unachomaje ndani bila kuchoma juu? Na huyo aliyesema haichagui anamaanisha nini?

Tabibu_Chamwino

Swali zuri, fundi. Na huyo muuzaji kakosea hapo hapo. Leza inachagua sana.

Kila leza hutoa mwanga wa urefu wake wa wimbi, na kila urefu una kitu unachokipenda kukila mwilini. Leza ya kwanza duniani, ya Theodore Maiman mwaka 1960, ilikuwa ya rubi, nanomita 694, na mwanga wa namna hiyo melanini inaunywa vizuri mno. Ukimpiga nao mtu mweusi, rangi yake inaupokea kabla haujafika popote, unageuka joto, ngozi inaungua. Ukiongeza urefu wa wimbi, melanini inapunguza kuupokea. Ndiyo maana kwa watu weusi utasikia sana leza ya YAG, nanomita 1,064. Inapita kwenye rangi kwa amani kiasi.

Za makovu zinazosifiwa ni kaboni dayoksaidi, nanomita 10,600, na erbiamu, 2,940. Hizi hazitafuti rangi, zinatafuta maji yaliyomo kwenye ngozi. Yanachemka ghafla, tabaka linaondoka, na joto linaiamsha ngozi itengeneze kolajeni mpya. Zamani zilichubua uso mzima na watu waliteseka. Mwaka 2004 Dieter Manstein na Rox Anderson pamoja na wenzao kule Boston walieleza njia ya kupiga vitundu vidogo vidogo na kuacha ngozi nzima katikati ya kitundu na kitundu, ili ile nzima iiponye iliyoumizwa. Leza ya vitundu ndiyo inayouzwa siku hizi karibu kila mahali.

Sasa utaniuliza, kama inatafuta maji, weusi wetu unaingiaje? Unaingia kupitia joto na uvimbe. Ngozi nyeusi ikiumizwa, kwa moto, kwa kucha au kwa chunusi, jibu lake la kwanza ni kumwaga melanini. Kwa hiyo hata leza isiyojali rangi inaweza kukuachia mabaka, na kadiri nguvu na msongamano wa vitundu unavyopanda, ndivyo hatari inavyopanda. Mashine ni ile ile, ila vipimo alivyopigiwa Mkorea havitufai sisi.

Kadokezo tu: madaktari hupanga ngozi kwa namba 1 mpaka 6, wanaiita skeli ya Fitzpatrick, ya 1975. Ilipoanza ilihusu Wazungu tu, sisi tukaongezwa baadaye, 5 na 6. Wengi wetu hapa ni 5 na 6. Ukiingia kliniki mtu hajui namba yako wala hajawahi kuisikia hiyo skeli, toka.

Mzabibu_Mkavu

Yaani hata kwenye chati tuliongezwa baadaye. Endeleeni, sisi tunanoti.

Mama_Kisasa

Binti, mimi nimefanya, ngoja nikueleze ilivyo.

Nilifanyia Dar kwa daktari wa ngozi, hiyo ya kaboni ya vitundu. Mara ya kwanza hakunigusa uso. Alinipiga sehemu ndogo chini ya sikio, nyuma ya taya, akaniambia nirudi baada ya wiki kadhaa aone pamegeuka rangi gani. Nilinuna, nimetoka Dodoma yote hiyo kwa ajili ya eneo la ukubwa wa sarafu! Baadaye nilimshukuru.

Siku yenyewe wanakupaka krimu ya ganzi, unakaa karibu saa nzima mpaka uso unakuwa si wako. Halafu wanakuvalisha vikombe vidogo vya chuma ndani ya kope, juu ya jicho lenyewe, maana walikuwa wanapita mpaka karibu na macho. Giza totoro. Kuna bomba la hewa baridi linapuliza, mashine inalia tik, tik, tik, na unasikia harufu ya nywele kuungua, ndiyo wewe huyo. Maumivu yapo, nisikudanganye, lakini kinachokuzidi ni moto unaokuja ukishamaliza. Nilipojitazama kwenye simu garini, shavu lilikuwa na nukta za kahawia zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, kama chandarua kimegandishwa usoni.

Uso ulivimba, ukatoa majimaji kidogo, ukakauka, yakaja magamba madogo. Ule wasiwasi wa kutaka kuyabandua ni mkubwa kuliko maumivu. Usibandue. Wiki ile ile yakaanza kudondoka yenyewe, nikang'aa, nikajisifu kwa kila mtu.

Wiki ya tatu mashavu yakawa meusi. Mume wangu akaniangalia mezani akasema, "Hela ile ndiyo hii?" Daktari alikuwa amenionya kwamba yanaweza kuja, akaniongezea krimu na akanisisitizia sanskrini, krimu ya kukinga jua. Yaliondoka, lakini kwa miezi.

Vishimo sasa. Matokeo huyaoni wiki ya kwanza, yanakuja taratibu miezi mitatu hadi sita ngozi ikijijenga. Vile vipana vyangu vimepungua sana, poda inakaa. Vile vyembamba vipo pale pale, vinanisalimia kila asubuhi.

Mkazi_wa_Mtumba

Kwa hiyo ukaungua, ukawa mweusi, ukalipa, na vishimo bado vipo?

Mama_Kisasa

Ndiyo baba. Na ningelipa tena. Wewe hujawahi kuona binti wa watu anakuongelesha huku anakuangalia shavu.

Tabibu_Chamwino

Mama Kisasa kaeleza vizuri, na huyo daktari wake nampa heko kwa lile eneo la majaribio. Mkazi wa Mtumba naye ana hoja. Hakuna leza inayofuta kovu. Inapunguza kina, inalainisha kingo, mtu akisimama mbali kidogo haoni. Anayekuahidi uso wa mtoto mchanga anakuuzia kitu ambacho hata mashine yake haina.

Vile vyembamba vilivyobaki vina tiba nyingine isiyo leza kabisa: asidi kali ya TCA, tone dogo linaingizwa ndani ya kitundu kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti. Njia hii imeandikwa tangu 2002. Kwa ngozi nyeusi mkono wa anayefanya lazima uwe mwepesi na asidi ipunguzwe ukali, maana ikimwagikia pembeni ni doa. Tafadhali mtu asiagize TCA mtandaoni akajidondoshea mwenyewe bafuni. Nimeshawahi kuona.

Mabonde ya mawimbi yanakatwa nyuzi kwa sindano inayopitishwa chini ya ngozi, inaitwa sabsisheni. Daktari anachoma ganzi, anaingiza sindano kwa upande, anakata nyuzi, ngozi inanyanyuka. Utavilia damu na kuvimba siku kadhaa. Haipigi mwanga wala joto, kwa hiyo haigombani sana na rangi yetu.

Na vijisindano, ile kalamu yenye sindano fupi nyingi inayotoboa uso kwa haraka. Kwa ngozi nyeusi ningeanza na hii kabla ya leza ya kaboni kwa watu wengi, kwa sababu haimwagi joto juu ya ngozi. Inahitaji kurudiarudia, na matokeo yake ni ya wastani, lakini ikikosea inakosea kidogo.

DadaWaSingida

Mimi naandika huku moyo unaenda mbio. Nilifanyiwa kitu kinachoitwa leza kwenye saluni, mji sitautaja. Yule dada alikuwa na mashine moja, anaondolea nywele za kidevu, anaondolea makovu, anang'arishia makwapa, yote hiyo hiyo. Hakuniuliza chochote. Kilikuwa na kioo kikubwa cha mstatili, anakipachika usoni kinawaka kwa mwanga mweupe mkali. Jioni nikawa na alama za mstatili mashavuni, kesho yake malengelenge. Sasa ni mwaka wa pili, mistatili ile ukinitazama vizuri bado unaiona.

Tabibu_Chamwino

Pole sana dada yangu. Kwa maelezo yako ile si leza hata kidogo, ni taa ya mwanga mkali, IPL. Leza ina wimbi moja, hii inatoa mawimbi mengi kwa mpigo na sehemu kubwa ya mwanga huo inaishia kwenye melanini. Kwa ngozi namba 6 haifai. Usikate tamaa, muone daktari wa ngozi, lakini usikubali kupigwa mwanga mwingine juu ya hiyo alama mpaka ipimwe.

Na wengine wote, neno "leza" kwenye bango la barabarani halina maana yoyote mpaka uambiwe ni ipi. Uliza aina ya mashine na urefu wa wimbi. Uliza nani ataishika, na kama kuna daktari atakayekuona kabla na baada. Uliza ameshawatibu wangapi wa rangi yako, akuonyeshe picha, za mwanga ule ule, si kabla gizani na baada kwenye taa ya studio. Akisema hahitaji eneo la majaribio, hapo mimi ningeondoka bila kuaga. Na wewe mwenyewe mwambie kama huwa unatokwa na malengelenge ya mdomo, kwa sababu leza ya uso inaweza kuyaamsha yakasambaa, utapewa asiklovia, dawa ya kuyazuia, kabla. Na krimu ya ganzi usijipake nyumbani mwili mzima ili "ifanye kazi zaidi", dawa inaingia kwenye damu na inaweza kukudhuru.

Kuhusu bei: unayotajiwa mara nyingi ni ya mara moja. Leza ya vitundu hurudiwa, kwa kawaida mara tatu au zaidi, na kati ya moja na nyingine kuna wiki nne mpaka sita, kwa ngozi nyeusi hata zaidi. Ongeza nauli, sanskrini, na krimu za kabla na baada. Bima usiitegemee kwenye mambo ya urembo. Sasa piga hesabu upya.

Mkazi_wa_Mtumba

Hapo ndipo mtu anagundua vishimo vyake ni vizuri tu.

Queen_wa_AreaC

Daktari, mimi baada ya kufanya vijisindano nilipewa kikopo hakina jina, krimu nyeupe, nikaambiwa ni ya kutoa weusi haraka. Inafanya kazi balaa! Wiki moja tu uso mweupe peeee. Niendelee?

Tabibu_Chamwino

Kikopo hakina jina, na uso mweupe wiki moja. Mdogo wangu, huo ni mkorogo.

Kinachofanya kazi kwa kasi hiyo mara nyingi ni steroidi kali kama klobetasoli, au zebaki, au haidrokwinoni, au vyote vimechanganywa. Steroidi ukipaka usoni muda mrefu inaifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa inaonekana, na inaleta chunusi zake mwenyewe, mpya kabisa, kwa hiyo unarudi pale ulipoanzia. Haidrokwinoni ukiipaka ovyo kwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kijivu cha bluu ambao kuutoa ni vita. Nchini kwetu zebaki na haidrokwinoni vimekatazwa kwenye vipodozi. Usimamizi wake ulikuwa kwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango. Usiache ghafla bila kumuona mtu, kama ni steroidi uso unaweza kulipuka ukakutisha. Nenda nacho hospitali.

Madoa yana dawa zake halali: asidi ya azelaiki, adapaleni usiku, na nyinginezo utakazoandikiwa. Zinaenda taratibu. Nyingine hukausha ngozi, kwa hiyo zinaanzwa kwa kidogo.

Queen_wa_AreaC

Duh. Kikopo nimeshakifunga kwenye mfuko. Ahsante daktari.

Kaka_wa_Makole

Samahani kuingilia. Mimi vyangu havijabonyea, vimevimba. Taya na shingo, nikinyoa ndevu tu kinatoka kipele, kinakuwa kovu gumu linang'aa. Leza hiyo inanifaa?

Tabibu_Chamwino

Kaka, yako ni habari tofauti. Kovu linalovimba na kukua kupita mipaka ya kidonda ni keloidi, na sisi weusi tunalipata zaidi. Leza za kuchoma vitundu kama za Mama Kisasa ungezikwepa, zinaweza kukuongezea. Kwa kawaida tunaanza na sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, kwa awamu. Na punguza kunyoa mpaka kwenye ngozi, tumia mashine iache ndevu fupi. Ukisikia mwenye keloidi kifuani au masikioni anataka leza ya uso, lazima aseme hilo kabla.

Anko_Kondoa

Mwanangu wa kike yuko kwenye vidonge vya chunusi, isotretinoini, kaandikiwa hospitali. Naye anataka leza akimaliza. Inakuwaje?

Tabibu_Chamwino

Anko, amalize kwanza na chunusi zitulie. Kutibu makovu wakati chunusi bado zinatoka ni kufagia uwanja upepo ukivuma. Zamani tulifundishwa kusubiri miezi 6 baada ya kidonge cha mwisho. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walipitia ushahidi, wakalegeza kwa tiba nyepesi, zikiwemo leza za vitundu zisizochubua juu. Kwa zile za kuchubua uso mzima tahadhari imebaki. Daktari wake ndiye ataamua. Na hili usione aibu kumwambia binti yako: dawa hizo hazikutani na mimba kabisa, zinaharibu mtoto tumboni. Akiwa anazitumia, na mwezi mmoja baada ya kuacha, ni marufuku kushika mimba.

Anko_Kondoa

Nimekuelewa. Hilo mama yake atamwambia.

BintiIpagala

Jamani nimerudi, nimesoma yote. Leo asubuhi nimefanya kile kipimo cha dirishani. Nimeshangaa. Shavu la kushoto zaidi ya nusu ya nilivyokuwa naviita makovu ni bapa, ni madoa meusi tu. La kulia ndilo lina kazi: mabonde, nikivuta yanapotea, na vichache vyembamba karibu na pua ambavyo havitikisiki.

Kwa hiyo ile leza ya mjini nimeiweka kando. Daktari, nikielewa vizuri naanza na jua na madoa, halafu mabonde nione habari ya kukatwa nyuzi na vijisindano, leza iwe mwisho kama bado nitaihitaji? Na hilo la jua, hapa Dodoma ndiyo mtihani. Mimi naenda Mtumba kila siku, kituoni nasimama juani.

Tabibu_Chamwino

Umeelewa kuliko hao waliokuuzia. Mpangilio kamili atakupa atakayekuona uso.

Sanskrini: SPF 30 kwenda juu, kila asubuhi, na ukikaa nje rudia kila baada ya saa mbili hivi. Hata ukikaa dirishani paka, kioo cha kawaida kinapitisha miale ya UVA. Watu wa rangi yetu wanazikimbia kwa sababu zinawaachia unga mweupe usoni. Tafuta zenye rangi ya kahawia ndani yake, ile rangi ni oksaidi ya chuma, na inazuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi nao unaongeza madoa. Na kofia pana. Ofisi nzima itakucheka kwa wiki moja, kisha watazoea.

Ukifika kwenye tiba yoyote ya kutoboa au kuchoma, chagua muda. Ile Julai na Agosti ya upepo, vumbi la Dodoma linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa, na uso wenye vidonda vibichi hautaki vumbi. Januari mvua zikinyesha vumbi linatulia, ila jua likitoka linachoma vile vile. Kikubwa uwe na siku za kukaa ndani, omba likizo kabisa.

Mama_Kisasa

Hapo kwenye usafiri niongezee. Kama utaenda Dar kufanyiwa, siku hizi SGR imeturahisishia, unaenda na kurudi bila kulala kwenye basi. Lakini usipange kurudi jioni ile ile uso unawaka moto. Lala kwa ndugu, kesho yake ndiyo upande treni. Mimi nilijifunga mtandio nikabaki na macho tu, abiria wa jirani akaniuliza kama natoka hija.

Mzabibu_Mkavu

😂😂 Ukamjibu nini?

Mama_Kisasa

Nikamwambia ndiyo, na nimemuombea.

MtotoWaKizota

Daktari, na kwa sisi wa hapa hapa, tunaanzia wapi?

Tabibu_Chamwino

Anzieni hospitali za rufaa hapa hapa Dodoma, ulizeni siku ya kliniki ya ngozi, msiende siku yoyote tu mkakuta hayupo. Kwanza mjue mna nini usoni. Tiba yenyewe kama haipo hapa utapewa barua ya kwenda ilipo. Kumuona mtu wa ngozi kwanza ni rahisi kuliko awamu moja ya leza isiyokuhusu.

BintiIpagala

Nimepiga simu mchana huu, nimepata siku. Dada wa mapokezi kaniambia nije bila vipodozi usoni, na nibebe kila ninachopaka, na maboksi yake kama ninayo.

Mzabibu_Mkavu

Kila unachopaka? Kodi bajaji mbili.